Mjadala wa Kiti cha Mpingo: Je, Kinakiliwe?

Katika vyombo vyote vilivyopata kupamba nyumba za pwani yetu, kuanzia Pate na Lamu hadi Mombasa na Unguja, hapana kilichotukuzwa kuliko kiti cha mpingo, ambacho wengine hukiita kiti cha enzi. Ni kiti kirefu, mgongo wake umenyooka, mikono yake ni mipana, na mbele yake pana kibao cha kuwekea miguu. Mti wake ni mweusi, umepambwa kwa vipande vidogo vya pembe au mfupa vilivyochomekwa kwa ustadi, na pale ambapo kiti kingine kingekuwa na ubao, hiki kina uzi uliosukwa na kuwambwa, upepo ukapita. Hakikuwa kiti cha kila mtu wala cha kila siku: aliketi juu yake mtawala, au mgeni aliyestahiki takrima, au bwana arusi siku ya arusi yake.

Viti vya asili vilivyosalia ni vichache. Baadhi vimo katika makumbusho ya Lamu na ya Fort Jesus, baadhi vimo katika nyumba za wenye mali, na vingine vimekwisha kuvuka bahari visirudi. Na kwa kuwa wapenzi wa kiti hicho wanazidi na kiti chenyewe hakizidi, imezuka mas'ala inayowagawa watu wapendao vyombo vyema: je, ni haki seremala wa leo akinakili kiti cha kale, au kunakili ni kukivunjia kiti heshima na kuwafungulia mlango wadanganyifu? Mas'ala hii si ndogo kama inavyodhaniwa, kwa sababu jawabu lake ndilo litakaloamua kama wajukuu wetu watakijua kiti hiki kwa kukikalia, au kwa kukitazama tu nyuma ya kamba ya makumbusho.

Nimeona ni vyema hoja za pande zote nizipange kwa njia ya mjadala, kila hoja nikiitia kinywani mwa mtu ambaye kazi yake na maisha yake vinamfanya aione hivyo: Mkusanyaji wa vyombo vya kale, Seremala, Bibi mwenye nyumba, Mtunzaji wa makumbusho, na Kijana ambaye hujitengenezea samani zake mwenyewe. Uwanja wao ni baraza ya nyumba ya mawe mjini Lamu, baada ya sala ya alasiri, na kahawa ipo. Mwenyekiti ni mimi niandikaye.

MWENYEKITI: Mabibi na mabwana, karibuni. Neno lililoletwa mbele yetu mmekwisha kulisikia. Namwomba Bwana Mkusanyaji afungue, kwa kuwa yeye ndiye apingaye, na apingaye ana haki ya kusikilizwa kwanza ili ajibiwe kwa insafu.

MKUSANYAJI: Ahsante, Bwana Mwenyekiti. Mimi sikukusanya vyombo ili vinipe jaha. Nilivutwa navyo kwa sababu moja: kila kimoja kilipotoka mkononi mwa aliyekiunda kilikuwa kimekwisha kufikiriwa hata pasibaki la kuongeza wala la kupunguza. Litazameni dele la kahawa lililo mbele yenu. Mdomo wake umekunjwa ili kahawa iteremke ndani ya finjani bila ya kutiririka ubavuni. Kifuniko chake kina bawaba ili kisianguke mmiminaji anapoinamisha mkono. Na kishikio kimetengwa na tumbo la chombo ili joto lisimfikie. Itazameni hata pesa ya shaba ya Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, iliyotolewa kwa mwaka 1299 wa Hijra, yenye mizani upande mmoja: ni sarafu ya thamani ndogo, ya kununulia vitu vidogo sokoni, walakini aliyeichora hakuona kwamba udogo wa thamani unahalalisha uzembe wa sura. Hiyo ndiyo adabu ya kazi ninayoipenda, nami naipenda kwa dhati.

Sasa nije kwenye kiti. Kiti cha mpingo kilichomo nyumbani kwangu, mkono wake wa kulia umelika kuliko wa kushoto, kwa kuwa watu wengi wameuegemea wakizungumza hata mti ukalainika ukawa na mng'ao ambao msasa hauwezi kuuleta. Chini ya makalio, mahali ambapo hapana jicho lipitalo, zimo alama za tezo, fupi fupi, zimefuatana sawasawa, na mtu akizipitishia kidole hujua kwamba fundi yule alifanya kazi bila ya haraka na bila ya hofu. Nawauliza, nani atayanakili hayo? Akiyanakili, amesema uongo, kwa maana ametia kwa siku moja athari ya miaka ambayo haikupita. Asipoyanakili, ameunda kiti kingine, na jina la kiti cha kale amelichukua bila ya haki.

Fauka ya hayo, biashara imekwisha kutuonyesha matokeo. Yako makasha ya njumu yaliyoundwa juzi kwa mbao mbichi, yakapakwa majimaji ya kahawia, misumari yake ya shaba ikalowekwa hata ikafanya kutu ya kijani, pembe zake zikagongwagongwa makusudi, kisha yakauzwa kwa wageni kwa kauli kwamba yana umri wa miaka mia na zaidi. Kila kasha la namna hiyo linalouzwa hulitia shaka kasha la kweli. Siku itakayofika ambapo hapana awezaye kutofautisha, chombo cha kale kitakuwa kimekufa ingawa kipo. Kwa hiyo nasema: kiachwe kama kilivyo, kitunzwe, na kisinakiliwe.

MWENYEKITI: Hoja imesikika, nayo ina uzito. Fundi, ni zamu yako.

SEREMALA: Bwana Mkusanyaji ni mtu ninayemheshimu, na mara nyingi ndiye aniitaye chombo chake kinapolegea kiungo. Kwa hiyo nitamjibu bila ya ukali. Amesema kwamba siwezi kunakili miaka. Ni kweli, wala sitaki. Ninachokinakili mimi ni vipimo na viungo, na hivyo viwili havikuwa mali ya miaka. Vilikuwa mali ya kichwa cha mtu, navyo huweza kuingia katika kichwa cha mtu mwingine.

Ameyataja makasha. Na tuulize, makasha ya njumu yalitoka wapi? Mengi yaliletwa na majahazi ya msimu wa kaskazi kutoka Surat, kutoka Bombay, na kutoka pwani ya Malabar. Mafundi wa kwetu wakayaona, wakayapima, wakayaunda tena kwa mikono yao katika Unguja na Mombasa, wakabadili hili na lile kwa kadiri ya mti waliokuwa nao na ladha ya watu wao. Laiti wangelifuata fatwa ya kutonakili, leo pasingekuwa na kitu kiitwacho kasha la Zanzibar cha kukusanya. Bwana wangu anapenda matunda ya kunakili, naye analaani mbegu.

Tena nataka kueleza jambo ambalo mtu hulijua kwa kutengeneza tu. Watu hukisifu kiti hiki kwa pembe zilizochomekwa. Mimi nakisifu kwa akili iliyofahamu mti. Mpingo hauna mbao pana. Gogo lake ni jembamba, mara nyingi limepinda, na pengine lina uwazi ndani. Ngozi yake nyeupe lazima itupwe kabla ya kuufikia moyo mweusi. Ni mti mzito unaozama majini, unaofuta makali ya msumeno, na ukikaushwa kwa pupa hupasuka. Basi aliyeunda kiti kile hata angetaka ubao mpana wa kukalia asingeupata. Alichofanya ni kukata vipande vyembamba, akaviunga viwe fremu, ndani ya fremu akaacha nafasi, na nafasi akaziwamba kwa uzi. Ule ufinyu wa mti aliugeuza kuwa wepesi wa umbo. Mtu akikitazama kiti mwaka mzima huenda asilione hilo. Akijaribu kukiunda kwa mpingo wa kweli, atalijua siku ya kwanza.

Na viungo vyake havina msumari. Ulimi wa mti huingia katika tundu lililochimbwa kwa juba, kisha pini ya mti hupita ubavuni ikaukaza. Wazee walijua kwamba hewa ya bahari hula chuma, na chuma kikioza huuozesha na mti uliokizunguka. Walijua pia kwamba mti hupumua, hutanuka masika na kusinyaa kaskazi, na kiungo cha mti kwa mti hukubali mwendo huo bila ya kuvunjika. Maarifa hayo hayakuandikwa kitabuni. Yamo ndani ya viungo, gizani. Kiti kikifungiwa nyuma ya kioo, yamefungiwa nayo.

MWENYEKITI: Bibi, nakuona umetabasamu tangu Fundi alipoanza.

BIBI: Nimetabasamu, mwanangu, kwa sababu nyinyi waungwana mnabishana juu ya kiti ambacho waliokikalia walikuwa wachache, na mnasahau vyombo ambavyo kila nyumba ilivitumia. Mimi nitawatajia chombo kimoja kilichobuniwa vyema kuliko kiti chenu, nacho ni mbuzi ya kukunia nazi. Nani katika nyinyi ameitazama vizuri? Ni mbao mbili zilizopishana: ukizifungua, moja inakuwa kigoda na nyingine inakuwa mguu, ukizikunja, chombo chote kinakuwa bapa, unakitundika ukutani na jiko lako linabaki jeupe. Mbele pana ulimi wa chuma wenye meno ya duara yanayolingana na tumbo la kifuu. Na ajabu yake ni hii: hakihitaji kushikwa. Uzito wa mkunaji mwenyewe ndio unaokituliza, mikono yote miwili ikawa huru kuizungusha nazi, na sinia ikawa chini kupokea nazi iliyokunwa. Aliyefikiria hivyo hakupewa cheo wala hakuandikwa jina.

Sasa nauliza: kwa nini hapana mkusanyaji anayegombania mbuzi? Ni kwa kuwa mbuzi haikuadimika. Na kwa nini haikuadimika? Ni kwa kuwa kila seremala wa kila mtaa aliinakili, mwaka baada ya mwaka, na hapana aliyemwambia kwamba anavunja heshima. Kiti cha mpingo kimeadimika kwa sababu mafundi wake waliacha kuunda vingine. Kwa hiyo mimi naona kwamba aliyeiokoa mbuzi ni mnakili, na ambaye hakukiokoa kiti ni yule aliyedhani kuwa kukitukuza kunatosha.

Lakini leo hata mbuzi imeanza kuondoka. Sokoni wamo wenye mashine za kukuna kwa umeme, na majumbani zimo mashine za kusagia. Sizilaumu, zimewapunguzia wanawake kazi, nami nimezitumia. Vilevile kitanda: nyumba ngapi leo zina samadari, au kitanda cha kuwambwa kwa ukambaa? Mabinti zetu hawalijui tendegu wala mfumbati wala kitakizo, kwa sababu kitanda chao kimekuja kimefungwa katika katoni, mbao zake ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, na kikihamishwa nyumba mara mbili, skurubu hazishiki tena. Kitanda cha kuwambwa kilipolegea, tulikiwamba upya jioni moja. Namna gani kiitwe duni kile kinachotengenezeka, na bora kile kisichotengenezeka?

MKUSANYAJI: Bibi, umenibana. Lakini mbuzi haiuzwi kwa bei ya dhahabu, kwa hiyo haina wa kuighushi. Palipo na thamani kubwa ndipo panapoingia hila.

BIBI: Basi tatizo lako liko kwa mwenye hila, Bwana, haliko kwa mwenye randa.

MWENYEKITI: Na tumsikilize sasa Mtunzaji wa makumbusho, ambaye kazi yake ni kulinda.

MTUNZAJI: Nashukuru. Mimi nimesimama kati, wala si kwa woga. Kazi yangu imewekewa mipaka na sheria. Kwa mujibu wa sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, chombo kilichoundwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na milango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946, pamoja na fremu zake, imepewa hifadhi ya peke yake. Vitu hivyo haviruhusiwi kutoka nchini bila ya idhini. Sheria hiyo ni njema, maana pasipo nayo tungalibaki na kuta tupu. Mji huu wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Unguja, na heshima hiyo haikuja kwa bahati. Imekuja kwa sababu wako watu waliokataa kuuza.

Lakini nitasema na jambo linaloniumiza. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, ikawa makumbusho katika zama zetu, iliporomoka sehemu yake kubwa mwezi wa Desemba mwaka 2020, na watu wakapoteza maisha. Tangu siku hiyo siwezi tena kusema kwamba chombo kikiwa ndani ya jengo letu kimesalimika. Chombo cha asili kikiwa kimoja, nacho kikawa mahali pamoja, mauti yake ni ya saa moja. Na kilichoundwa tena katika miji mitatu, na mikono mitatu, kina maisha mengine.

Ama kuhusu neno la Bwana Mkusanyaji kwamba kunakili ni kusema uongo, nataka kuleta ushahidi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate. Mji ule ulisifika kwa ufundi wa mbao na wa ngozi, na pia kwa waandishi walionakili Misahafu kwa mkono, wino mweusi na mwekundu, kurasa zikazungushiwa mapambo ambayo hata leo huwashangaza wataalamu. Hapana aliyepata kuwaambia waandishi wale kwamba wanaghushi. Na baadhi yao, walipomaliza, walitia mwishoni jina la mwandishi na tarehe aliyokamilisha. Ndugu zangu, mbele ya macho yetu pana kanuni iliyokwisha kutumika katika mji ulio jirani, nasi tunajadiliana kana kwamba hapana aliyetutangulia. Mnakili mwenye kutia jina lake na tarehe yake ni amini. Mwenye kuvificha ndiye mghushi.

Na kiti chenyewe, kama alivyosema Fundi juu ya kasha, hakikushuka kutoka mbinguni. Wako wataalamu wanaokinasibisha na viti vya Wareno, na wako wanaokinasibisha na Misri ya Wamamluki. Yoyote iliyo kweli, mafundi wa pwani walilipokea umbo kutoka mahali, wakalifanya lao hata mgeni akikiona leo husema: hiki ni cha Waswahili.

MWENYEKITI: Je, pembe? Fundi akitaka kunakili kwa ukamilifu, atapata wapi pembe za ndovu?

MTUNZAJI: Hatazipata, wala haifai azitafute. Mwaka 1989 mataifa yaliyokutana chini ya mkataba wa CITES yaliafikiana kuizuia biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, na katika mwaka huo huo Kenya ilichoma moto tani 12 za pembe mbele ya ulimwengu.

SEREMALA: Mfupa wa ng'ombe unatosha. Ukichemshwa mafuta yakatoka, ukaanikwa, ukakatwa na kusuguliwa, hukaa vizuri katika mti mweusi. Wazee nao walitumia mfupa. Si kila kiti cha kale kina pembe. Na mpingo nao sitaumaliza kwa viti, maana ni mti unaokua polepole, na wenye viwanda vya zumari za Ulaya wanautaka kuliko mimi. Mteja asiyeweza gharama yake nitamuundia kwa mninga au mvule, nitamwambia wazi kwamba ni mninga au mvule, na kiungo kitakuwa kile kile.

MWENYEKITI: Kijana wetu amenyamaza kwa adabu muda mrefu. Sema, mwanangu.

KIJANA: Nashukuru, na shikamooni wazee wangu. Mimi ni mpangaji wa chumba kimoja, sina kasha wala kiti cha mpingo, na sidhani nitapata kukinunua. Lakini napenda vyombo vilivyofikiriwa, nami nimejaribu kuviunda mwenyewe. Meza niliyo nayo nimeiunda kwa mbao za makreti ya bandarini. Nilizing'oa misumari, nikazipiga randa, nikazipanga kwa rangi zake. Ina kasoro, lakini naijua ndani na nje, na ikilegea najua ni wapi pa kugusa. Nimewaona pia maseremala wa hapa Lamu na wa Unguja wanaounda viti na meza kwa mbao za majahazi yaliyokwisha safari, matundu ya misumari yakiwa bado yanaonekana na rangi ya bahari ikiwa bado imeganda juu yake. Hapo umri wa mti haukughushiwa, na kiti chenyewe ni kipya, na hapana aliyedanganywa.

Naomba ruhusa nitoe mifano miwili ya mbali, kwa kuwa mas'ala hii si yetu peke yetu. Wa kwanza ni Michael Thonet, fundi wa Vienna, ambaye mwaka 1859 alitoa kiti nambari 14, cha mti uliopindwa kwa mvuke. Kilikuwa na vipande 6 vya mti, skurubu 10 na nati 2. Viti 36 vilivyofumuliwa viliweza kutiwa katika kreti la mita moja ya ujazo, vikasafirishwa, vikaungwa upya huko viendako. Hakina nakshi hata moja, kiliundwa kwa mamilioni, na hata leo mtu mwenye jicho husimama kukitazama. Kwa hiyo uchache si sharti la uzuri, wala urembo si sharti lake.

Wa pili ni Enzo Mari, Mtaliano, ambaye mwaka 1974 alichora ramani za meza, vitanda, viti na makabati yawezayo kuundwa kwa mbao za kawaida, nyundo na misumari, akampa kila aliyeomba, bure, ila gharama ya posta. Alikusudia kwamba mtu akiunda kiti chake mwenyewe, hata kibaya, atapata jicho la kupambanua kiti chema na kiovu. Na aliweka sharti moja: kila mtu anaruhusiwa kuziunda samani hizo, isipokuwa wenye viwanda na wafanyabiashara.

MKUSANYAJI: Lo! Huyo Mtaliano amenena niliyotaka kuyanena. Ameruhusu mkono, akazuia duka.

KIJANA: Naam, mzee wangu. Na mimi nikikiangalia kiti chako kwa macho ya mtu aliyewahi kukosea kiungo, nakiheshimu zaidi kuliko nilivyokiheshimu kabla sijashika patasi.

SEREMALA: Lakini sharti hilo la kuzuia duka lisinifunge mimi, mwanangu. Mtaliano yule alikuwa na kazi nyingine ya kumlisha. Mimi nikinyimwa kuuza, nitafunga karakana, na ufundi utafungwa pamoja nami. Nenda Keko, Dar es Salaam, au pembezoni mwa barabara ya Ngong, Nairobi, uone vijana wenye mikono ya dhahabu wakiunda makochi kwa kuiga picha za simu, kwa sababu ndiyo wateja wanayoyataka. Hawakosi ufundi. Wanakosa mtu wa kuwaagiza kitu kinachostahili ufundi wao.

MWENYEKITI: Basi tumefika penye kiini. Bwana Mkusanyaji, ungeridhika kwa dhamana gani?

MKUSANYAJI: Nataka alama isiyofutika. Jina likiandikwa kwa rangi, litapigwa msasa. Likibandikwa kwa kibati, kitang'olewa. Niambieni ni alama gani itakayomshinda mwenye tamaa.

SEREMALA: Iko. Nitaandika mara mbili. Mara ya kwanza nitachoma kwa chuma cha moto jina langu, mji wangu na mwaka, chini ya makalio ya kiti, ili kila mnunuzi akikipindua asome. Mara ya pili nitachonga maneno hayo hayo juu ya ulimi wa kiungo cha nyuma, kabla sijautia tunduni na kuupiga pini. Mdanganyifu anaweza kuikwangua ya chini, na mkwaruzo wake utamshuhudia. Ya ndani hawezi kuifikia ila kwa kukivunja kiti. Na fundi yeyote atakayekifungua kukitengeneza baada ya miaka mia atakuta mwaka wangu, atajua mimi nilikuwa nani, na hapana atakayemwambia kwamba kiti hicho ni cha zama za masultani.

MKUSANYAJI: Hilo sikulitarajia. (Akanyamaza kidogo.) Fundi, mimi nimeishi na kiti changu nikidhani kwamba nakilinda. Umenionyesha kwamba nalinda mti, na yaliyomo ndani ya mti siyajui. Njoo nyumbani na violezo vyako na penseli. Kipime. Lakini nina masharti: vipimo viandikwe mara mbili, nakala moja iwekwe kwa Mtunzaji, kiungo kisifunguliwe ila kile kilichokwisha kulegea chenyewe, na kiti cha kwanza kitakachoundwa, mimi ndimi nitakayekinunua.

MTUNZAJI: Nami nitaipokea nakala hiyo kwa furaha, na nitataka iandikwe na aina ya uzi, namna ya kuusuka, na majina ya zana. Miaka mingi wageni wetu wamekiona kiti bila ya kuona kilivyoungwa.

BIBI: Na mimi nataka neno moja liongezwe. Kiti hicho kipya kisikae pembeni kikitazamwa. Kikaliwe. Mkono wake wa kulia nao ulike.

MWENYEKITI: Waungwana, mjadala umefikia tamati yake, na mwenyekiti ana wajibu wa kutoa rai. Mwanzoni tuliuliza kama ni haki kunakili chombo chema cha kale. Mimi sasa nasema kwamba ni zaidi ya haki, ni deni. Bwana Mkusanyaji alitufundisha kuona, na bila ya jicho lake tusingejua ni kipi kinachostahili kunakiliwa. Kwa hiyo mapenzi ya wakusanyaji yasidharauliwe, hata yanapoonekana kuwa ni ya vitu vidogo kama dele na sarafu ya shaba. Lakini jicho likikosa mkono, yaliyoonekana hupotea pamoja na aliyeyaona. Fundi ametuonyesha kwamba sehemu bora ya chombo haionekani, Bibi ametuonyesha kwamba vyombo vilivyonakiliwa ndivyo vilivyosalia, Mtunzaji ametuonyesha kwamba chombo cha pekee kina mauti ya pekee, na Kijana ametuonyesha kwamba hata meza ya makreti humfungua mtu macho akaiheshimu kazi ya mwingine. Haramu katika jambo hili ni moja tu, nayo ni kuficha jina na mwaka wa aliyeunda.

Kwa hiyo nawausia wasomaji wangu jambo lililo katika uwezo wa wengi. Ikiwa una chombo chema ulichorithi, kiwe kiti, au kasha, au kitanda cha kuwambwa, au hata mbuzi ya marehemu bibi yako, usingoje mpaka kivunjike ndipo umtafute wa kukitengeneza. Mwite seremala wa mtaa wako sasa, akipime, aandike vipimo, na ukipata wasaa wa fedha mwagize aunde kingine, atie jina lake na mwaka. Mlipe kwa kadiri ya siku alizofanya kazi, wala usimpigie bei kwa kisingizio kwamba dukani kipo cha rahisi. Chombo kikiwa bado kizima na fundi akiwa bado hai, jambo hili ni jepesi; kikikosekana kimoja kati ya hivyo viwili, mali yote ya dunia haiwezi kulirudisha.